Maswali mnaniulizanga kila siku kuhusu gemu ya dadu na kadi

Mimi ni fundi wa simu, niko na kabanda hapa Kondele, Kisumu, na kwa miezi kadhaa sasa kila mtu akikuja kuchukua simu yake ananipata nimeinamia yangu nikiburuta dadu na kidole. Wengine wanadhani nabeti, wengine wanadhani nachati na mpango wa kando, mama wa chapati jirani yangu yeye alishaamua ni mambo ya wale watu wa giza. Nimechoka kueleza na mdomo nikiwa na koleo mkononi na skrubu kwa meno, kwa hivo nimeandika yote hapa. Ukiniuliza tena nakuonyesha hii.

Inaitwaje na inachezwa aje?

Inaitwa Dicey Dungeons. Ilitengenezwa na Terry Cavanagh, jamaa wa Ireland, yule yule wa VVVVVV ya 2010 na Super Hexagon ya 2012 kama uliwahi kuumizwa na hizo. Kwa kompyuta ilitoka Agosti 2019, kwa simu ikafika Julai 2022, na mimi kama kawaida ya Kisumu nikaijua baadaye kabisa wakati wenzangu wameshamaliza.

Hadithi yake ni ya kuchekesha. Kuna shoo kama zile za TV, mwenye shoo ni mama anaitwa Lady Luck, watu wanaingia wakitafuta kile roho inatamani, halafu anawageuza dadu zenye miguu na kuwatupa chini kwa mahandaki wapigane na viumbe, orofa baada ya orofa, hadi bosi wa mwisho. Na huyo mama ni mkora, utaona mwenyewe.

Kupigana ndio utamu uko. Vifaa vyako vimewekwa mbele yako kama kadi mezani na kila kadi iko na nafasi ya kuweka dadu. Kila zamu unarushiwa dadu zako, unaziangalia, halafu unaziburuta kwa kadi unayotaka. Upanga ukiuwekea 5 adui anakatwa 5. Kadi ingine inataka shufwa tu (2, 4, 6), ingine witiri tu (1, 3, 5), ingine haikubali kitu kimepita 3, ingine inataka dadu mbili zinazofanana. Kuna ya kusukuma dadu yako juu namba moja, kuna ya kupasua dadu moja iwe mbili. Ukiweza kuhesabu hadi sita umeshahitimu.

Si hii ni kamari tu imevalishwa katuni?

Hapana, na nitachukua muda hapa kwa sababu hata mchungaji aliniuliza.

Kwa kamari unaamua kwanza halafu dadu inaanguka. Unaweka mia yako, unabonyeza, na ukishabonyeza huna kazi ingine isipokua kuomba. Kwa hii gemu dadu inaanguka kwanza halafu ndio unaamua. Unaona 2, 2 na 5, ziko hapo mbele yako, hakuna kitu imefichwa, na adui pia unaona amebakisha damu ngapi, yaani uhai wake. Sasa swali ni utafanya nini na hizo. Ni kama mvuvi wa Dunga, pale ziwani, ameamka akapata nyavu imeleta omena tupu. Hakuchagua omena, alitaka mbuta, yule samaki mkubwa, lakini kile kitaingia kwa sufuria jioni na venye kitapikwa hio ni kazi ya mwenye jiko. Kuna mtu atapewa hio omena aiharibu na kuna mtu ataipika watu walambe sahani.

Halafu pesa haiingii. Unanunua gemu mara moja basi, hakuna duka ndani ya kukuuzia uhai, hakuna kitu ya kushinda ukatoe kwa M-Pesa.

Lakini sitadanganya. Dadu ni dadu. Kuna jamaa wa boda mteja wangu aliacha kubeti kwa shida kubwa, nikamwonyesha hii gemu nikidhani namsaidia, akacheza kama robo saa akanirudishia simu akasema omera (ndugu yangu), mkono unaniwasha, hii wacha nikae mbali nayo. Nilimheshimu sana. Kama wewe ni kama yeye usisome tena, nenda zako salama.

Basi kama hakuna pesa inashika mtu aje hivo?

Kuna jibu la watu wa vitabu. Yule mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha na njiwa wake kwamba ndege akipewa punje bila mpangilio, saa ingine anapata saa ingine hapati, anadonoa kwa bidii na anachelewa sana kukata tamaa. Sawa, mimi ni njiwa, nakubali. Hujui kisanduku kinachofuata kina kadi gani ndani, kwa hivo unafungua.

Lakini mimi naona hio haitoshi, juu ludo pia haina mpangilio na ludo haijawahi kuninyima usingizi. Nikichapwa kwa ludo namlaumu dadu, nasimama, naenda kununua mandazi. Nikichapwa hapa naanza kukumbuka. Ile 6 niliweka kwa upanga, ningeipasua ningepata 3 na 3, ningejaza ile kadi ya pacha, adui angekufa zamu hio na singepigwa ile ya mwisho. Unaona hio "ninge"? Hio ndio ndoano yenyewe. Dadu zilikua mkononi mwangu kabla sijaamua, kwa hivo kosa ni langu, na kosa likiwa lako unataka kulirekebisha saa hio hio kabla hujalisahau. Ndio maana mtu anasema "moja tu" saa nne usiku na muadhini anampata akisema hivo hivo.

Pia pigano moja linaisha haraka, dakika mbili hivi, kwa hivo hakuna mahali unaona umeingia ndani sana. Ni kama kula njugu.

Mimi hisabati ilinishinda tangu darasa la sita, nitaweza?

Utaweza, na pengine utajifunza ile mwalimu alishindwa kukufundisha na kiboko.

Chukua hii. Dadu moja kupata 6 ni mara 1 kwa 6, hio kila mtu anajua. Lakini ukirusha tatu, kupata angalau 6 moja ni kama mara 42 kwa 100, sio 50 venye wengi wanadhani. Ukirusha nne ndio inapita nusu kidogo, karibu 52. Hii hesabu ni ya zamani sana, Wafaransa wawili Pascal na Fermat waliandikiana barua mwaka wa 1654 wakijadili mambo ya wacheza kamari na hapo ndipo somo la uwezekano likaanza kushika miguu. Sasa wewe uko Nyalenda unafanya hesabu ya Pascal na hujui.

Na zile kadi za shufwa watu huziogopa bure. Ukiwa na dadu tatu kukosa shufwa kabisa ni mara 1 kwa 8. Lakini kadi inataka 6 kamili, hio mimi siibebi hata ikiwa na nguvu ya tembo, mpaka niwe na kitu ya kusukuma namba.

Kwa wale wa ludo mnaosema mmelogwa: kukaa raundi kumi bila kupata sita hutokea karibu mara 16 kwa 100. Sio jirani. Ni dadu.

Nianze na nani?

Wachezaji wa kuchagua ni wale watu waligeuzwa dadu. Gemu yenyewe itakuanzisha na mmoja anaitwa Warrior na iko sawa hapo. Yeye anaweza kurusha dadu upya mara tatu kwa zamu. Hii inaonekana kitu kidogo lakini piga hesabu: ukitaka 5 au 6 na dadu moja, bila kurudia uko na nafasi 33 kwa 100, ukiwa na hizo marudio tatu unafika 80. Ni mtu wa kusamehe makosa.

Thief ndio aliniroga mimi. Kisu chake hakikubali zaidi ya 3 lakini unakitumia tena na tena kwa zamu moja, kwa hivo zile namba kila mtu analia akizipata, 1 na 2, kwake ni chakula. Yuko na kadi ya kupasua dadu pia, na kila zamu anaiba kifaa kimoja cha adui akitumie. Baada ya kumcheza wiki mbili nilianza kuangalia hata chenji ya sarafu tofauti.

Robot harushi dadu kama wengine. Anaongeza moja moja akihesabu jumla isipite kikomo, kama blackjack, na ikipita zile zote hujatumia zinapotea. Tamaa inauawa hapo mchana kweupe. Inventor ni wa kuumiza roho, kila ukimaliza pigano lazima uvunje kifaa chako kimoja akitengeneze kitu kipya, na sana sana kile unapenda ndio kinatoa kitu kizuri. Witch ni wa kitabu cha uchawi, anaita kadi kwa namba za dadu, na kama bado unachapwa na Warrior usimguse. Jester anakuja mwisho kabisa, yeye anabeba pakiti nzima na kadi zinamjia kutoka huko, kwa hivo watu wa kadi wa Kibuye, wale wa kusema "niko kadi" na kugonga meza, mtajiskia nyumbani.

Nachapwa na bosi wa mwisho kila saa, nakosea wapi?

Naomba uniletee simu nikuangalie ukicheza lakini sana sana ni moja kati ya hizi.

Unakula tufaha mapema. Kwa ramani kuna matufaha ya kurudisha damu na watu wakikwaruzwa kidogo tu wanakimbilia. Sasa skia, ukipanda levo damu inajaa yenyewe. Kwa hivo angalia ni adui yupi atakupandisha levo, mwendee ukiwa umeumia, damu ijae bure, tufaha likae hapo likungoje kabla ya bosi. Mimi nilicheza miezi miwili kabla nijue hii na nikijua nilitaka kujipiga.

Au unabeba vifaa vya sifa. Kadi mbili zinataka 6 zote mbili, sasa 6 ikikuja moja zinapigana nani apewe, na zile 1 na 2 hazina pa kwenda zinakaa hapo kama vijana wa stage. Mkoba mzuri uko na mahali pa kila namba. Hii ukielewa umeelewa nusu ya gemu.

Au hujui magonjwa. Ukigandishwa barafu dadu yako kubwa inageuka 1. Dadu ikiwaka moto unaweza kuitumia lakini unalipa damu 2. Kifaa kikipigwa shoti lazima utoe dadu moja kukifungua kwanza. Wengi wakiona moto wanaacha dadu ikae, wanaogopa, na kumbe kulipa 2 kumuua adui zamu hio ni bei rahisi kuliko kungoja akupige 8. Soma adui kabla ya kupigana, bonyeza umwone ako na nini. Hakuna haraka, hakuna saa inahesabu.

Inakula bandoli?

Haili. Ukishadaunlodi unacheza bila intaneti kabisa, nimecheza kutoka Kisumu mpaka Nakuru ndani ya matatu, Ahero, Kericho yote na ile baridi yake, laini ikipotea na kurudi, hakuna shida. Betri inaenda pole pole. Stima ikipotea usiku hii ndio gemu.

Bei ngapi na nalipa na nini?

Bei inabadilika na kuna ofa, angalia Play Store. Mimi nililipa kama bei ya samaki ngege mmoja mkubwa wa kukaanga na ugali yake pale ziwani. Ukiona haikufai Google wanaruhusu kuomba pesa irudi ndani ya saa 48, na kwa kompyuta Steam, lile duka la gemu mtandaoni, wanarudisha kama hujapitisha wiki mbili tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Shida ni saa mbili za hii gemu zinaishia ukisema "moja tu".

Na tafadhali, hii naongea kama fundi, wacheni kudaunlodi zile za bure kutoka matovuti ya ajabu. Kila wiki naletewa simu inafungua matangazo yenyewe, inapata moto ikiwa mfukoni, mwenyewe ananiambia sijui nini imeingia, nikiangalia napata gemu ya kulipia aliipata "bure". Kusafisha hio simu nakutoza kushinda bei ya gemu.

Ni kweli uliharibu simu ya mtu juu ya hii gemu?

Nani amekuambia.

Ni kweli. Nilikua natoa kioo, nimewasha blowa kulainisha gundi, na kwa mkono wa kushoto niko na bosi amebakisha damu 4 na mimi niko na dadu moja, 3, na kadi ya kusukuma iko tupu. Nikasukuma ikawa 4, akafa, nikaruka kwa kiti. Niliporudi skrini ilikua imeshakunjika kona kama samosa. Nilinunua ingine na pesa yangu, mwenye simu hakujua mpaka leo hii, sasa anajua, pole dada. Tangu siku hio simu yangu inakaa kwa droo blowa ikiwa moto. Hio ndio sheria moja nimewahi kuweka na kuifuata.

Nitajuaje imenizidi?

Shirika la Afya Duniani waliweka ugonjwa wa michezo ya video kwa orodha yao ya magonjwa, ile ICD-11, ilipitishwa 2019 ikaanza kutumika Januari 2022. Hawaangalii masaa peke yake. Wanaangalia kama umeshindwa kujizuia, kama gemu imepita kila kitu kingine kwa maisha yako, na kama unaendelea hata ukiona madhara, na kawaida hio hali iwe imekaa kama miezi 12. Kwa hivo kulala saa saba wikendi moja sio ugonjwa, ni ujinga wa kawaida. Lakini kama kodi haijalipwa na wateja wamehama na bado uko kwa Witch, ongea na mtu, na sio mimi, mtu wa hospitali.

Kwangu alama ilikua ndogo. Mtoto aliniuliza kitu nikamjibu "ngoja zamu iishe". Alikua ananiuliza kama nitakula.

Mtoto wangu acheze?

Mimi wangu namwachia, ako darasa la tano, na kujumlisha kwake kumekua kwa haraka. Katuni ni za kuchekesha, hakuna damu ya kumwagika. Mambo ya dadu na kadi kufunza kamari hata wazungu walibishana, kuna gemu ya kadi inaitwa Balatro ilipewa alama ya miaka 18 Ulaya kwa sababu ya picha za poka, wenye gemu wakakata rufaa, 2025 ikashushwa hadi 12. Na sisi wenyewe tumekua na ajua, tukihesabu mbegu chini ya mti na wazee, hakuna mtu alisema mbegu zitatuharibu. Lakini kaa naye, mwulize "kwa nini umeweka hapo?" Ukimwachia simu tu umempa kiti cha kungojea.

Nikimaliza hii niingie gani?

Slay the Spire kama unataka kadi bila dadu, ilikamilika 2019 na hizi zote za sasa zinaikopa. Kila zamu kadi tano, nguvu tatu, na adui anakuonyesha mapema atafanya nini, ile ile ya kuona kwanza kuamua baadaye. Balatro niliyotaja ilitoka Februari 2024 na ikafika kwa simu Septemba mwaka huo huo, mtengenezaji ni mmoja anajiita LocalThunk, na jokeri ziko 150, hio nimeweka kwa simu nikaitoa, nikaweka, nikaitoa. Ukitaka dadu tupu kuna Slice & Dice, unaonja bure halafu unalipa mara moja, na inakubali urudishe hatua nyuma ukikosea, kitu ambacho kwangu kinaondoa nusu ya uchungu na kwa hivo nusu ya utamu.

Sasa wewe umefika wapi?

Niko kwa Witch, ile sehemu sheria zake zinageuzwa, na nimechapwa mara tisa. Jana nilifika kwa bosi nikiwa na tufaha bado liko kwa ramani, nikasahau kulila. Usiniongeleshe kuhusu hio.

Na yule wa Samsung ya bluu, simu yako iko tayari tangu juzi, kuja na ile mia tano ilibaki.